Simu Iliyoanzia Chaneli ya Tajiri

Baba,

Shikamoo. Nimeandika hivyo hivyo, ingawa marahaba yako sitaisikia tena. Mama hajambo. Masatu mdogo wangu yupo, nasema yupo kwa kumshukuru Mungu, maana wiki iliyopita nusura tumlete alale kando yako.

Injini ilimfia mbele ya Ukerewe, jioni, upepo unavuma. Akawasha simu ya upepo, akaita. Kimya. Akaita mpaka sauti ikakauka. Si ndivyo ulivyowafundisha wavuvi wote? "Washa, sema, usitafute kitu." Kila simu iliyopita mikononi mwako uliifungua kwanza, ukapanga vile viswichi vya ndani ili ikiwashwa ianzie kumi na sita, chaneli ya kuombea msaada, ambayo bandarini hawaifungi. Nilikuuliza kwa nini usiwaachie wachague wenyewe. Ukacheka: "Mwanangu, mtu anazama, achague nini?"

Ya Masatu ilianzia saba. Saba ni ya yule tajiri mpya anayekusanya sangara visiwani; simu ikianzia hapo, samaki wanatajiwa yeye kwanza, lakini jioni ofisi yake inafungwa. Mtumbwi wa watu wengine ulimwokota asubuhi, anatetemeka hata jina lake halitamki.

Nikamuuliza Baba mdogo Magesa, ambaye mimi naye umetuachia karakana yako ya simu pale Kirumba, na ndiye aliyempa Masatu simu hiyo. Akasema ndivyo zinavyotoka kiwandani. Jamani! Kiwandani zinatoka zikianzia moja, nimezifungua na wewe miaka yote hiyo. Huyu ndiye aliyelia kaburini kutushinda sisi wanao. Siku hizi ana pikipiki mpya, na nikiingia anafunika meza kwa kitambaa. Ati vumbi. Vumbi gani linalokuja nikiingia mimi tu?

Mama anasema msiba umenitia wasiwasi, niache kuwawazia watu vibaya. Nilitaka kumsikiliza, Baba, kweli nilitaka. Ndiyo maana juzi nilimpa Magesa simu ya Masatu airekebishe, nione. Jana kaileta, anatabasamu. "Tayari, binti yangu, nimeirudisha alivyoipenda kaka." Nikangoja atoke, nikaiwasha.

Saba.

Alijua Masatu anarudi nayo ziwani. Alijua! Nilikaa chini nikalia, hasira ikiwa nyingi kuliko uchungu.

Ya Masatu nimeipanga kwa mkono wangu. Lakini nyingine alizozigusa Magesa ziko kwenye mitumbwi ya watu, na wenyewe bado wanawasha na kusema tu, kwa kukuamini wewe. Kesho naenda Mwaloni, wanakoshushia samaki. Nitawaomba wavuvi walete simu zao, na Magesa aziwashe moja moja mbele yao, aeleze. Mama atanikasirikia. Huyo tajiri naye huenda akatufungia karakana. Afunge.

Haya, Baba, pumzika. Nakuahidi, haitatoka tena simu mikononi mwangu kabla sijaiwasha mwenyewe, nikaita, na bandarini wakaniitikia.

Binti yako,
Nyangeta