Mama Sekela, Sare ya Mwanao Ilinuka

Mama Sekela wangu,

Sijui kama habari za huku zinakufikia, lakini nitakueleza hivyo hivyo, maana jambo hili siwezi kumweleza mtu mwingine bila kuona aibu. Na kama nimeliandika hadharani, ni kwa ajili ya wanaume wenzangu. Wapo wengi hapa Tunduma ambao hawajawahi kuinamia beseni la nguo, kama nilivyokuwa mimi. Wasome.

Mwanao aliacha kwenda shule. Kila asubuhi aliniaga vizuri, begi mgongoni, nami nikashika njia yangu kwenda gereji. Siku ya nne mwalimu wake wa darasa akanipigia simu kuuliza mtoto anaumwa nini. Nililiacha lori la watu juu ya jeki nikamwachia mwenzangu, nikapanda bodaboda mpaka nyumbani Chapwa. Nikamkuta nyuma ya nyumba, ameketi juu ya tofali, amevaa sare kamili, anajisomea daftari peke yake.

"Sekela, mbona uko hapa?"

Akaivuta kola ya shati lake akanisogezea.

"Nusa, baba."

Nikanusa. Lilinuka kama tambara la kudekia lililosahauliwa ndani ya ndoo. Na shati hilo nililifua mimi, kwa mikono yangu, nikajisifu kabisa.

"Yule niliyekuwa nakaa naye amehama dawati," akasema. "Wananiita Uvundo."

Siku tuliyokuzika nililia pamoja na watu. Siku hii nililia mbele ya mtoto wa miaka kumi na moja, na yeye ndiye aliyenifuta machozi, kwa mkono wa shati lile lile.

Nilikaa pale chini nikakuwaza. Nikakumbuka sokoni Vwawa, meza yako ya mitumba, na jinsi wateja walivyoipita meza ya jirani yako wakaja kwako, kwa sababu nguo zako hazikuwa na ile harufu ya balo, ya nguo zilizobanwa muda mrefu. Ulikuwa unazifua zote, unazianika, ndipo unazipanga. Mimi nilikuwa nimefuata spea tu. Nikasimama kutazama, nawe ukaniambia neno lako la kwanza maishani mwangu: "Kaka, shati lako hilo umelianua halijakauka." Nilikasirika. Lakini wiki iliyofuata nilirudi Vwawa bila shida yoyote ya spea, na shati nililoanika siku mbili mfululizo. Ulinusa kwa mbali ukacheka mpaka ukashika meza.

Tulipooana ukahamia huku, nyumba yetu ikawa na sheria zako. Nguo ikishaloweshwa haingoji kesho. Inasuuzwa mpaka maji yatoke meupe, inakung'utwa ilie, inageuzwa ndani nje ili makwapa yapate jua. Ovaroli langu lenye grisi lilikuwa na beseni lake. "Ovaroli lako halina undugu na shati la mtoto," ulikuwa unasema. Na masika yalipofika, ile mvua yetu ya manyunyu na baridi isiyokwisha, ulifunga kamba sebuleni, ukaweka jiko lenye makaa yaliyokwisha kutoa moshi, halafu ukafungua dirisha. Mimi nikalalamika baridi.

"Baba Sekela, wewe vaa koti. Nguo zinataka hewa."

Niliyaona hayo yote miaka kumi na miwili, wala sikuyatazama hata mara moja.

Sasa niseme lile linalonikaba. Figo zilipokuwa zimekumaliza nguvu, huwezi tena kukamua hata leso, uliniita Jumamosi moja. Ulikuwa umekaa mkekani uani, beseni mbele yako.

"Baba Sekela, njoo nikuonyeshe."

"Utapona," nikakujibu. "Utafua mwenyewe."

"Njoo tu utazame. Si kazi ngumu."

Nikachukua kofia yangu nikaondoka. Nilikwenda gereji, na siku hiyo hapakuwa na kazi. Nilikaa juu ya tairi bovu nikitazama malori yaliyopanga foleni kuelekea Zambia, mpaka nilipokisia kwamba umeshamaliza. Niliporudi nguo zilikuwa kambani, zinachuruzika maji, hazikukamuliwa. Wewe ulikuwa umelala ubavu pale pale mkekani, mikono imenyauka kwa povu. Hukunilaumu. Uliniuliza tu, "Umekula?"

Nilikuwa naogopa, mke wangu. Niliona kama nikijifunza kufua nitakuwa nimekuruhusu uende. Nikakataa kujifunza, nawe ukaenda vilevile.

Baada ya hapo nilifua ninavyojua mimi. Sabuni ya unga kiganja kizima, maji ya kusuuza mara moja, halafu nguo zinabaki zimebanana ndani ya ndoo zikinisubiri nirudi kutoka kazini. Mvua ilipoendelea nilizianua zikiwa na unyevu, nikazikunja, nikazifungia ndani ya sanduku. Zilipoanza kunuka nilizipulizia manukato yangu. Ikawa harufu mbili zinazogombana kwenye mgongo wa mtoto.

Basi mchana ule ule nilivuka kwenda kwa jirani yetu Mama Mwamini, yule Mtanga muuza vitenge uliyekuwa unakunywa naye chai. Nilisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba msamaha.

"Shemeji, nimekuja unifundishe kufua."

Nilitegemea acheke. Akaweka chini kikombe chake.

"Mama Sekela aliniambia utakuja," akasema. "Akaniomba, ukija nisikucheke."

Nilikaa pale kizingitini. Kwa hiyo ulijua. Siku ile nilipokupa mgongo, wewe ulikuwa tayari unanitafutia mtu wa kunipokea.

Mama Mwamini alikuja nyumbani na ndimu ndani ya mfuko. Alianza kwa kunusa, siyo nguo, bali ndoo, kisha kamba, kisha akafungua sanduku na kurudi nyuma hatua moja.

"Shemeji, tatizo liko humu. Ungefua mpaka mikono ichubuke, bure. Nguo safi unailaza na uvundo, inaamka na uvundo."

Akaanza kutoa nguo moja moja. Nilitaka kumzuia lakini sikuwa na sababu ya kusema. Chini kabisa akakuta mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo matatu.

Hilo hukulijua, na Sekela hakulijua. Ni sweta lako la zambarau, lile ulilovaa asubuhi tuliyokupeleka hospitali. Kulikuwa na mvua. Niliporudi peke yangu nililikumbatia, nikakupata wewe mzima mzima ndani yake, nikalifunga likiwa na unyevu wa mvua, ili harufu yako isitoke. Nilijiwekea akiba. Kila nilipozidiwa nilijiambia, lipo, nikitaka nitafungua. Sikufungua hata siku moja, nikiogopa kukupunguza.

Mama Mwamini aliponipa ule mfuko, nikafungua. Lilikuwa limeota kuvu, madoa meupe na meusi kifuani na kwapani. Nililipeleka usoni hivyo hivyo. Nikatafuta kwenye kola. Nikatafuta mikononi. Nikatafuta ile sehemu ya bega ambapo Sekela alikuwa analaza kichwa. Hukuwepo. Palikuwa na ukungu tu, ule ule mwanao aliokuwa anatembea nao shuleni.

"Nipe nilifue mimi," Mama Mwamini akasema taratibu.

"Hapana, shemeji. Nielekeze tu."

Akanielekeza. Maji ya vuguvugu, ndimu ikamuliwe juu ya madoa, sabuni kidogo, usilisugue kwa hasira, sweta linavutika. Nilifua nikilia, wala sikuficha. Sekela akaja akachutama upande wa pili wa beseni, akaweka mikono yake ndani ya maji bila kuuliza, naye akalia. Tulilisuuza mara nne. Hatukulikamua, tulilibana ndani ya taulo, tukalilaza juu ya mkeka jua lilipochungulia. Sanduku nalo tulilifuta kwa ndimu, tukaliacha wazi uani siku nzima.

Sweta lilipokauka Sekela ndiye aliyelinusa kwanza.

"Linanukia vizuri, baba." Akanusa tena, muda mrefu. "Lakini siyo mama."

"Siyo mama," nikamwambia.

Sare nayo tuliifua upya, tukaianika mpaka ikakauka kabisa, na Jumatatu Sekela akaenda shule. Nilimsindikiza mpaka getini, nikasimama mbali kidogo, nione kama kuna mtu atamkimbia. Yule mwenzake wa dawati alirudi wiki ya pili. Hakuomba radhi, watoto hawajui hayo. Alirudi tu na rula yake.

Mimi nafua kila Jumamosi sasa. Wenzangu wa gereji walinitania, wamechoka. Nguo hazinuki. Ungepita ukanusa usingepata la kusema, na hilo ndilo linaloniumiza, kwamba nimejua kazi yako vizuri kiasi hiki, nawe haupo kuona. Sura yako ninayo. Sauti yako ninayo kwenye simu, ile ya kuniagiza chumvi. Harufu yako imeondoka duniani, na aliyeiharibu ni mimi, kwa kuipenda vibaya.

Sweta amelichukua Sekela. Linamfika magotini na mikono anaikunja mara tatu. Anashinda nalo akitoka shule, anakula nalo, analala kochini nalo akiwa anasoma. Juzi nililiokota kochini nikalinusa, kwa mazoea ya ujinga wangu. Nikakuta karanga, chaki, na jasho la mtoto. Nililirudisha pale pale. Hilo sitalifungia popote.

Ningeandika zaidi, mke wangu, lakini wingu limeshuka upande wa Mbozi na nguo ziko nje.

Mumeo,
Baba Sekela