Taa ya Kijani Kwenye Friji ya Mama

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, ila mdomo umezoea. Niko kwenye benchi nje ya wodi. Naogopa, Baba.

Mama yumo ndani. Juzi asubuhi sukari ilipanda akaanguka jikoni, nikampakia kwenye bajaji toka Mbagala mpaka hapa hospitali. Nesi akaniuliza insulini tunaiweka wapi. Nikamjibu kwa maringo: kwenye friji, tena ina kifaa alichotengeneza marehemu baba, umeme ukikatika kinahesabu saa za joto, zikizidi taa inakuwa nyekundu. Na taa ni ya kijani! Akasema niilete hiyo dawa. Leo kaiinua kwenye mwanga, ina mabonge mabonge. Imeharibiwa na joto.

Nilikuwa nimekuja na kifaa chenyewe na laptop yangu. Nimekifungua hapa hapa kwenye benchi. Kosa ni langu, Baba.

Chipu yako, ule ubongo wa kifaa, iliungua baada ya arobaini yako. Nikaweka mpya, programu nikaandika mwenyewe, maana ya kwako imo kwenye kompyuta yako na neno la siri umeondoka nalo. Kifaa kinalala dakika kumi ili betri isiishe, kinaamka, kinapima joto, kinajumlisha, kinalala tena. Ulikuwa unasemaga, "Kikilala kinasahau kila kitu. Hesabu iweke kwenye kile kijikona cha kumbukumbu kisicholala." Mie nikaiweka pa kawaida. Na nilipokijaribu nilizima usingizi, kwa sababu kikilala kinakata mawasiliano na kompyuta, na subira yangu unaijua. Kikiwa macho kilihesabu vizuri, nikajisifu weee. Nikarudisha usingizi, nikakifungia kwenye friji bila kujaribu tena. Wewe ulikuwa unakilaza na kukiamsha mara tatu huku unakunywa kahawa, mie nakucheka, "Baba, unabembeleza mtoto?"

Mwezi mzima umeme umekuwa ukikatika na kurudi. Kila kikiamka, kinaanza sifuri. Kinaona dakika kumi tu za joto, kinasema hakuna neno. Kijani.

Kuna baya zaidi, na hili sijamwambia mtu. Sukari ya Mama ilipoanza kupanda, nilimgombeza. Nilimwambia anakula maandazi kwa siri kwa jirani. Nilimpekua mpaka chini ya mto. Akakataa, akaapa, nikamwambia mtu mzima hovyo kusema uongo. Jamani, mdomo wangu huu!

Daktari anasema ametulia kidogo, ila figo bado wanaziangalia. Saa sita waliniruhusu nikamnyweshe uji. Amenishika mkono, sauti inatoka kwa shida, akasema, "Nisamehe mwanangu. Sitakula tena maandazi."

Hajala hata moja, Baba. Nimemsema mpaka kakubali. Na mie, badala ya kusema ukweli, nikampangusa mdomo nikatoka nje. Niliogopa asije akanitazama, akajua.

Saa kumi wanafungua mlango wa kuona wagonjwa. Nakuahidi nitamwambia, hata kama atanichukia. Pumzika, Baba yangu. Kwaheri. Niombee kwa Mungu nimkute macho, asije akaondoka anaamini kosa ni lake.

Mwanao