Wimbo Uliobaki Kiganjani

Swima, Fizi
Tarehe 16 Machi 2003

Mpendwa kaka yangu Albert,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu, toka huku ng'ambo ya ziwa. U mzima? Shemeji Godelieve na watoto hawajambo? Na mgongo wako, bado unakusumbua? Sisi tunapumua, na siku hizi mtu akipumua anashukuru. Binti yangu Clarisse amerefuka, sketi zangu zinamtosha. Akili bado ya kitoto, lakini mdomo ni wako kabisa.

Sabuni na blanketi ulizotuma toka kambini Lugufu kwa boti ya mzee Jafari zimefika. Asante sana. Tulishuka toka milimani mwezi wa kwanza. Tumeanza tena kulima mihogo, ndagala wa ziwani wanapatikana, na bukari ya unga wa mihogo hatuli tena na chumvi peke yake. Nyumba yako haina bati hata moja ila mlango upo. Sijui ni mwizi gani huyo anayebeba paa akaacha mlango.

Jafari alinipa na ujumbe wako wa mdomo. Unataka kujua tulimzika Mama kwa wimbo gani. Wewe ni mwalimu wa kwaya na mtoto wake wa kwanza, una haki ya kuuliza. Wiki mbili swali lako limenikaa kooni. Kaka, hatukuimba.

Kule juu tulikaa miaka mitatu, familia kumi na moja, na njia ya wenye bunduki ilipita chini yetu, karibu sana. Mbuzi tuliwachinja wote kwa sababu ya kelele zao. Ibada nayo tuliifanya bila sauti. Shemasi Wilondja alionyesha namba ya wimbo kwa vidole, kila mmoja akaimba moyoni, midomo ikicheza kama ya Hana mbele ya kuhani Eli. Wimbo ukiisha, Shemasi alipiga ardhi kwa kiganja. Usicheke. Wakati tulipokuwa na ngoma na gitaa sikuwahi kuomba namna ile. Kuna siku nilikuwa sina kitu tumboni wala matumaini kichwani, nikasimama kwa nguvu ya wimbo ambao hakuna aliyeusikia.

Shida ilikuwa Mama. Unajua masikio yake yalikufa tangu lile bomu lilipoanguka nyuma ya jiko. Hakusoma, lakini kitabu kizima cha nyimbo kilikuwa kichwani mwake, namba na beti. Akiona vidole, anaimba. Na kwa nguvu! Watu wakaanza kunung'unika, "Huyu mama atafanya batuuwe bote." Nilimweleza kwa mikono mara nyingi kwamba anyamaze. Siku moja akanijibu, mlima mzima ukisikia: "Masikio yangu ndiyo ilikufa, ya Mungu iko mazima!" Ya wenye bunduki pia yalikuwa mazima, ila hilo mikono yangu ilishindwa kulisema.

Jumapili moja ya mwezi wa nane, mwaka jana, walipita chini yetu wakati Shemasi ameshainua vidole. Tuliwasikia wakikohoa. Mama akafungua kinywa. Nikamrukia, nikamziba mdomo kwa mkono huu huu ninaoandikia. Nilibana, Albert. Nilibana mpaka meno yake yakaniumiza kiganja. Hakunyamaza. Wimbo niliusikia ukiendelea ndani ya mkono wangu, ukitetemeka, mpaka watu wale walipopotea bondeni.

Tulipona wote. Lakini tangu siku ile Mama hakuimba tena. Vidole vikiinuliwa, alitazama chini. Nilitaka kumwomba msamaha, ila mtu asiyesikia na asiyesoma utamwambia kwa njia gani? Nilimpigia magoti. Akanipa majani ya sombe nichambue.

Mwezi wa kumi akashikwa na kuhara. Siku tatu tu. Dawa hatukuwa nayo, na kumshusha mpaka hospitali ya Nundu ilikuwa kumpeleka mbele ya bunduki. Nilimkasirikia Mungu, nakwambia wazi. Nilimwambia afadhali awe kiziwi kama Mama kuliko kusikia na kunyamaza.

Asubuhi ya siku ya tatu Mama akafumbua macho, akainua vidole viwili, kisha kimoja, kisha vitatu. Halafu akaushika mkono wangu, akauweka mwenyewe juu ya mdomo wake. Midomo ikacheza. Sauti haikuwepo. Nilisikia mtetemo mdogo kiganjani, halafu ukakoma. Nililia bila sauti, kama tulivyozoea.

Tulimzika mchana, kimya. Shemasi alipiga ardhi mara moja.

Wengine wanasema mkono wa mtu anayekufa hucheza ovyo. Shangazi Immaculée anasema alikuwa anahesabu wajukuu. Mimi nasema ni wimbo, namba mia mbili kumi na tatu, na siujui. Shemasi anakumbuka zile arobaini za kila Jumapili tu. Vitabu vya kanisa havipo tena, kurasa zake nyembamba zilivutiwa tumbaku.

Kitabu cha Baba ulivuka nacho. Kifungue, uninakilie wimbo huo, beti zote, kwa herufi kubwa. Jafari atarudi huku kabla ya Pasaka, na Jumamosi ya Pasaka tunaondoa matanga. Sasa tunaweza kuimba. Kanisani wanaimba mpaka kuta zinalia, mimi peke yangu nasimama mdomo umefungwa. Nikiufungua, nataka uwe kwa wimbo wake.

Shangazi Immaculée na Shemasi wanakusalimu. Umbusu kila mtoto kwa ajili yangu, na umwambie Godelieve nimelilalia blanketi lake. Bwana aliyetusikia katika kimya chetu awasikie na ninyi katika makelele ya kambi.

Ni mimi mdogo wako, nisiyekusahau,
Pulchérie

Neno moja tena, kaka. Kama kitabu cha Baba kinaishia kabla ya mia mbili kumi na tatu, chagua wimbo wewe mwenyewe, uandike namba hiyo juu yake, wala usiniambie.