Diane Hayumo Kwenye Karatasi

Durban, 8 Machi 1998

Mama mpenzi,

Natumaini barua hii itawakuta wewe na Diane mkiwa wazima. Kifua chako kinaendeleaje? Mimi sijambo, isipokuwa miguu bado imevimba kwa zile siku kumi na tisa za njiani.

Nakaa Glenwood, chumba kimoja na wasichana wawili wa Bukavu, Deborah na Marie. Deborah anasuka kwenye salon mjini na amenitafutia kiti hapohapo. Nasuka toka asubuhi mpaka vidole vinakufa ganzi.

La maana ni hili: nimepata karatasi. Ni permis ya mtu anayeomba ukimbizi. Inaniruhusu kukaa na kufanya kazi miezi mitatu, kisha narudi kupanga foleni waigonge muhuri tena, na tena, mpaka siku watakaponiita kunihoji na kuamua. Nikitoka nje ya nchi hii, imekufa. Nimeitia kwenye plastiki, naivaa shingoni ndani ya nguo.

Mwambie Diane asome, na mama yake anamfikiria kila saa.

Mtoto wako,
Antoinette

*

Kambini, Kasulu, 19 Aprili 1998

Mwanangu Antoinette,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi tunaishi. Kifua kinasumbua asubuhi tu, jua likishatoka kinaniachia.

Barua yako ilifika kwenye sanduku la parokia imechanika pembeni, lakini maneno yote yalikuwemo. Diane aliisoma mwenyewe kwa sauti, majirani wakija kusikiliza. Ametimiza miaka tisa na amesoma kama mwalimu, kama baba yake marehemu. Alipomaliza akaniuliza mimi bibi yake, "Koko, na mimi niko kwenye hiyo karatasi?" Nikamwambia bila shaka, wewe ni mtoto wake.

Ndikumana, yule Mrundi wa hema la pili, ana mdogo wake hukohuko Durban. Anasema mdogo wake aliandikisha wanawe wote siku ya kwanza, na sasa wanaombewa kibali wamfuate. Waulize na wewe, Diane atakuja lini? Mtoto anakua upesi, na mimi sirudi kuwa kijana.

Mama yako,
Joséphine

*

Durban, 14 Juni 1998

Mama mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi niko salama, sijui ninyi. Baridi imeanza, si ya milimani kwetu, ila upepo wa baharini unapenya kila tundu. Permis wameigonga tena, miezi mitatu mingine. Wateja wa salon ni wengi na wananifundisha Kizulu, wananicheka vizuri tu.

Lile la Diane, ofisini kuna watu wengi mno. Tutaona.

Mtoto wako,
Antoinette

*

Kambini, Kasulu, 23 Agosti 1998

Mwanangu,

Amani kwako. Huku nimelala kitandani juma zima, leo ndiyo nimeinuka.

Utakuwa umesikia vita vimeanza tena nyumbani. Watu wa Uvira wanavuka ziwa kila siku. Kambi imejaa, nimempokea mama mmoja na watoto wake wanne, tunalala kama kuni zilizopangwa. Watoto wawili wa mstari wetu wamekufa kwa kuhara.

Umeniandikia habari za baridi na za wateja. Swali langu moja umeliruka. Mimi ndiye niliyekuzaa, ukinyamaza nakusikia. Kuna nini?

Mama yako,
Joséphine

*

Durban, 20 Septemba 1998

Mama,

Pole kwa kulala, pole kwa yote. Nimesali juu ya kifua chako. Barua hii tafadhali usimpe Diane.

Siku ile ya kwanza kwenye foleni alikuwapo mtu mmoja wa Lubumbashi, Baudouin, aliyekwisha kukaa Durban miaka miwili. Alikuwa anapita kwetu wageni akitushauri. Akaniambia, "Dada, ukisema umeacha mtoto kambini Tanzania, watakuuliza: kama kambi inamtosha mtoto, kwa nini wewe haikukutosha? Sema uko peke yako." Sikumwamini sana. Lakini mwanamke aliyekuwa mbele yangu alitoka ndani analia. Sijui alilia nini, sikumuuliza.

Zamu yangu ikafika. Ofisa akauliza kwa mkalimani, "Umeolewa?" Nikasema mume wangu Cédric waliniulia Uvira. "Watoto?" Mama, niliitazama kalamu yake. Nikasema, "Sina."

Akaandika sifuri. Ilimchukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Tangu hapo, kila nikienda kugongewa muhuri wananiuliza kama kuna mabadiliko. Nasema hakuna. Nimeshasema mara mbili. Sasa nikienda kuwaambia ninaye, wataona aliyedanganya juu ya mtoto wake atakuwa amedanganya na juu ya kifo cha mumewe. Wanaweza kuichana karatasi palepale. Nikiona polisi amesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, navuka upande wa pili, ingawa permis ninayo kifuani. Kazini nasuka, nafumua, naanza upya. Deborah ananiuliza nina nini, nasema kichwa.

Nisamehe.
Mtoto wako,
Antoinette

*

Kambini, Kasulu, 18 Oktoba 1998

Antoinette,

Tuko hai.

Mtoto nimemwambia jina lake liko kwenye karatasi yako. Analala na maneno hayo. Kaa ufikiri juu ya hilo.

Nenda ukawaambie. Wakikufukuza, utafukuzwa ukiwa mama wa mtu. Mimi sitamsubirisha Diane humu mpaka mvua kubwa zishike. Kikohozi kimerudi na mara hii hakingoji asubuhi.

Mama yako

*

Durban, 15 Novemba 1998

Mama mpenzi,

Natumaini unapumua vizuri. Mimi sijala sawasawa tangu barua yako, lakini nimekwenda.

Nilisimama tangu alfajiri. Mara hii ofisa alikuwa mwanamke. Nilimwambia mkalimani kabla sijakaa, nisije nikageuka: "Mwambie nina mtoto wa kike, anaitwa Diane, ana miaka tisa, yuko na mama yangu Kasulu."

Yule mama akafungua faili, akaona sifuri. Akauliza, "Kwa nini ulisema huna?"

"Niliogopa."

"Na leo huogopi?"

"Leo naogopa zaidi."

Hakucheka. Aliandika kurasa mbili, akaniuliza kuzaliwa kwa Diane, hospitali, jina la ubatizo, na kovu lake la goti. Nilisaini. Karatasi ya miezi mitatu akaichukua, akanipa ya mwezi mmoja. Amesema uwongo wangu wa kwanza utabaki kwenye faili, na wakubwa wanaweza kunikatalia kwa ajili yake. Au wasinikatalie. Hajui. Lakini jina la Diane limeandikwa, Mama, nimeliona kwa macho yangu.

Sasa nakuomba usimtume na mtu yeyote. Njia ni mbaya. Subirini niitwe.

Mtoto wako,
Antoinette

*

Kambini, Kasulu, 6 Desemba 1998

Mwanangu,

Barua yako ya tarehe 15 imefika leo, nami nimekaa nayo mapajani mchana kutwa. Umefanya vema.

Diane aliondoka tarehe 9 Novemba. Yuko na Coletha, mfanyabiashara wa hapa Kasulu anayepeleka vitenge Durban. Ana pasipoti na ni mtu wa kanisa. Yule mama niliyempokea alizika mwanawe mdogo, nami siku hiyo nilikohoa damu. Sikuweza kungoja.

Coletha atasema mpakani kwamba ni mtoto wake. Nilikubali, nikamfundisha Diane aseme hivyo. Kwa hiyo na mimi nimedanganya. Namba ya simu ya salon, ile ya nyuma ya bahasha yako, nimeishonea kwenye pindo la gauni lake.

Mama yako,
Joséphine

*

Durban, 17 Januari 1999

Mama mpenzi,

Uko hai? Ndilo neno la kwanza. Hujaandika tangu Desemba, na kila Ijumaa napita posta. Mwambie Ndikumana aniandikie hata mstari mmoja.

Diane yuko hapa.

Walifika mpakani tarehe 11 Desemba, maana Coletha alikaa Maputo kuuza. Yeye mwenyewe amenisimulia. Askari alimtazama Diane akauliza, "Huyu ni mtoto wako?" Coletha akasema ndiyo. Askari akamgeukia mtoto: "Huyu ni mama yako?" Kulikuwa na dereva anayejua Kiswahili, akamtafsiria. Coletha akamfinya Diane mkono. Mtoto akasema, "Hapana. Mama yangu ni Antoinette, yuko Durban, na mimi niko kwenye karatasi yake."

Waliwazuia siku mbili. Simu ililia salon nikiwa na kichwa cha mteja mikononi. Sauti ya mwanamume, kwa Kiingereza, polepole: jina langu ni hili? Nina mtoto? Nikasema, "Ninaye." Akasema, "Subiri." Nikasikia makaratasi na sauti za mbali, nadhani alikuwa anauliza ofisi ya huku kwa simu nyingine. Nilisubiri mpaka mteja akaondoka na nusu ya nywele. Aliporudi akasema jina liko kwenye faili. Mtoto aletwe kwangu, na tufike ofisini kabla siku saba hazijaisha. Coletha walimwonya wakamwachia.

Lile neno lako la Aprili, Mama, ulipomwambia yumo, halikuwa kweli. Alipolisema yeye mpakani, lilikuwa na majuma manne tu tangu liwe kweli.

Hataki kuniita mama bado. Ananiita "wewe". Anakula vizuri, anamfuata Marie kila mahali, na kila akisikia mlango anadhani ni koko wake. Sijamwambia habari za damu.

Anakaa na viatu miguuni, hata kitandani. Jana nikamwambia avue, tumefika. Akauliza, "Tutakaa hapa mpaka lini?" Sikutaka kumdanganya. Nikamtolea karatasi mpya, yenye majina yetu mawili, nikamwonyesha tarehe: 12 Februari. Akahesabu siku kwa vidole, akarudia kuhesabu.

"Na kisha?"

"Kisha tunaenda kupanga foleni, mimi na wewe."

Akavua kiatu kimoja.

Mtoto wako,
Antoinette