Siku Nne Nilizomwibia Mama

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: nilipokuwa na miaka kumi na nne, siku tuliyoruhusiwa kurudi nyumbani wakati wa korona, nililegeza waya wa betri ya boti yetu ili injini isiwake.

Katika boti hiyo mimi na baba tulizoea kukaa mwisho wa wiki na likizo tu, mama akiwa zamu, lakini ugonjwa ulipoingia mama, ambaye ni muuguzi, alitutuma mimi na baba tukakae huko asije akatuletea maradhi ya wodini, tukakaa miezi mitano, na mwanzoni nililia maana chumba ni hatua sita na baba anakoroma, lakini taratibu nikazoea, yeye akishona barakoa kwa cherehani ya mkono na mimi nikikata kamba zake, mvua ikigonga paa tunanyamaza kuisikiliza, na mimi niliyekuwa bubu shuleni, kule nilizungumza mpaka baba akaniita Redio. Kila Jumamosi mama alikuja gatini, akaweka kikapu, akarudi nyuma, akapaza sauti, "Baba Redio, unamlisha nini huyo, mbona amenenepa?" na baba akajibu, "Hewa tu, mke wangu," tukacheka wote watatu, kila mtu upande wake.

Basi injini ilipogoma, baba, ambaye injini anaijua kwa kuiombea tu, alikataa kuiacha boti gatini, akamngoja fundi siku nne, na siku zote nne mama alitupikia akala peke yake. Sasa nimemaliza shule, na Jumamosi anakuja mnunuzi wa boti, kwa sababu mama alisema, "Hiyo mnaipenda nyinyi. Mimi nimeijua nikiwa nimesimama gatini." Nataka kumzuia mama asiiuze, lakini nitasemaje kwamba naikumbuka kwa hamu miezi ambayo yeye alikuwa akiwafunika wafu? Je, mimi ni mtoto mbaya? Tafadhali, siri hii ibaki kwako.

JIBU

Binti yangu, kosa ulilitenda, tusilipake rangi. Mtu aliyechoka vile hangojeshwi siku nne. Lakini mtoto mbaya, hapana. Hata mimi kuna asubuhi za kipindi kile nazikumbuka nikitabasamu, kisha naona haya.

Kinachonikera ni kutaka boti ibaki huku mama asijue kwa nini. Yeye ndiye aliyewapeleka huko mkasalimika, na mpaka leo hakuna aliyemwambia kwamba mlifurahi. Mmemnyima malipo yake.

Sasa sikiliza. Mwambie yeye kwanza, si baba. Anza na waya. Atakasirika, mwache, wala usilie ili akuonee huruma. Akitulia, mweleze miezi yote mitano, kisha umwulize yeye aliishije katika nyumba tupu, na hapo unyamaze kabisa. Mwombe mkakae botini siku mbili, nyote watatu, na mnunuzi asubiri. Akisema bado iuzwe, iuzwe, nawe usinune.

Mimi nitakutunzia siri, lakini mwenye haki nayo ni mama yako. Mwambie leo akitoka kazini. Ila mwache avue viatu kwanza.