Sauti ya Yule Mama wa Sambaza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na Mama bado anakukataza kulima? Sisi huku Gisenyi tu wazima, baridi tu ndiyo inatusumbua.

Uliponipigia simu uliniomba nirudi Kigoma kwa sababu ziwa la huku limeingia sumu. Ukasema umesikia ujumbe wa mama mmoja wa Kikongo akiwaonya watu, na kwamba muuza samaki hawezi kuisingizia bidhaa yake mwenyewe. Nikakata simu, ukadhani mtandao umekatika. Baba, yule mama ni mimi. Nikiongea na wewe narudia Kiswahili cha nyumbani, lakini sokoni naongea kama wenzangu waliotoka Kongo, na hukunitambua. Hilo limeniliza kuliko mengine yote.

Ilikuwa hivi. Jirani aliniambia kuna watu wa Nyundo, mji wa jirani, wamekula sambaza, hawa dagaa wa huku, wakaanguka. Sikumwuliza kama aliwaona. Nikawarekodia wauzaji wenzangu ujumbe, nikijiona nawasaidia. Kesho yake pale sokoni kwetu Mahoko samaki wetu walidoda. Redio ikatangaza kwamba maji yamepimwa na hayana kitu. Watu wakacheka, wakasema redio husema inachoambiwa, ila yule mama anapata faida gani?

Mama Aline, ninayeuza naye meza moja, akaacha kunisalimu. Siku ya soko nikakaanga sambaza mbele ya wanunuzi, nikala, nikasema sauti ile ni yangu na sikuona mgonjwa hata mmoja. Bibi mmoja akanitazama sana.

"Bon. Juzi ulisema iko sumu, leo unasema hakuna. Tusadiki sauti gani?"

Mama Aline akachota kwenye sahani yangu bila kuniangalia.

"Mi niko na watoto wane," akamwambia yule bibi. "Unaona nakula."

Wachache wakanunua. Wengi bado wanatupita.

Naandika kwa sababu kwenye simu ningeshindwa. Ulisema ujumbe ule umewatumia wanakwaya wenzako wote wa kanisani. Nakuomba Jumapili usimame uwaambie kwamba ni uongo, na ni wa mwanao. Najua ni aibu. Lakini wewe wanakuamini, hata uongo ukitoka kwako, na hicho ndicho ninachokiogopa.

Nisalimie mama mdogo wa dukani, na kaka na mkewe. Mama mwambie namkumbuka kila siku.

Ni mimi mwanao, yule mama wa kwenye simu,
Zawadi