Ukoko wa Panya wa Uzi Mwekundu

Mzee Faustini,

Shikamoo. Najua leo hutaitika marahaba, lakini nisipoanza na salamu sitaweza kuanza na lolote.

Nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Dokta. Ni Jumatatu asubuhi. Mvua imekatika ila mabati bado yanadondosha maji. Mlango umefungwa, na ndani yuko Dokta peke yake na lile daftari lako la jalada la kijani, analisoma ukurasa kwa ukurasa, nami nimeambiwa nisubiri. Naandika nyuma ya fomu za uzito kwa sababu ndizo nilizozikuta mfukoni mwa koti. Koti lenyewe ni lako. Mkeo Mama Method alinipa baada ya arobaini yako, akasema lirudi kazini lilikozoea. Linanifika chini ya magoti na wenzangu wananicheka. Wacha wacheke.

Naogopa, Mzee. Sijaogopa hivi tangu siku walipokuja kutuambia umeanguka shambani Katindiuka, jembe likiwa bado mkononi, na kwamba presha haikukupa hata nafasi ya kufikishwa hospitali. Siku ile niliogopa kwa sababu nilibaki peke yangu na panya. Leo naogopa kwa sababu ya nilichowafanyia panya wale, na wewe umeondoka hujui.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponiingiza kwenye kile chumba cha panya wa majaribio? Nilitegemea utanipa ufagio, ukanipa mzani. Ukanionyesha vizimba vyenye uzi mwekundu na vyenye uzi mweupe. Wekundu wanachomwa dawa ya Dokta, weupe wanachomwa maji ya chumvi tu, kisha tunaona nani anakua. Nikauliza dawa yenyewe ni kitu gani. Ukakuna kidevu, ukasema inaitwa peptaidi, kipande kifupi cha protini ambacho jicho halikioni. Ukasema si homoni ya kukua yenyewe. Inakwenda kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, ambayo hata kwa mtu mzima haizidi punje ya mbaazi, na tezi ile ndiyo inayotoa homoni.

"Inabisha hodi tu, Gaude," ulisema. "Kinachotoka ni cha mwenye nyumba."

Halafu ukanipa sheria mbili. Ya kwanza, kila panya, mwekundu au mweupe, anakula chakula kilekile kilichopimwa, kisizidi hata chembe. Ya pili, daftari halifutwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, ili kosa lenyewe liendelee kusomeka, unaandika lililo sahihi pembeni, unasaini. Raba ulinikataza hata kuingia nayo. Aliyefuta ana la kuficha, ulisema, ukaniangalia juu ya miwani yako ile ya kamba.

Zote mbili nimezivunja.

Ya kwanza niliivunja masika ile, wakati uwanja ulipojaa maji na kibanda cha chai kikafungwa. Nilikuwa nakula chakula changu mle ndani, na wewe ulinikuta mara mbili ukanikemea kwa habari ya usafi. Ulichokuwa hujui ni kwamba sikuwa nakula peke yangu. Bibi yangu alinilea kule Lumemo kwa neno moja: usile mbele ya macho ya mwenye njaa, chakula kitakukaa tumboni. Na wale wekundu, Mzee, ukishawachoma, dakika chache tu wanasimama. Wanashika waya kwa vidole vyao, pua zinacheza, wanakukazia macho. Weupe wamejikunja wanalala. Mimi nina ukoko wangu wa chini ya sufuria, ule mkavu unaolia ukiuvunja. Nikavunja kidogo, nikapenyeza. Kesho yake tena. Ikawa desturi, kila siku ya kazi, wekundu peke yao, kwa sababu weupe hawakuomba.

Siku moja ulikuta punje ya wali kwenye maranda ya kizimba. Ukaiweka kiganjani, ukaniuliza, "Gaude, hii imefikaje hapa?" Nikajibu labda imetoka kwenye viatu vyangu. Ukacheka. Ukasema Ifakara hii hata kwenye kitabu cha misa utakuta punje. Ukaitupa nje, ukarudi kwenye mzani wako, ukaniamini. Kicheko kile nakisikia mpaka leo.

Sikusema kweli kwa kuogopa kukemewa, basi. Naapa sikujua kwamba nimeharibu kitu. Wewe ni mtu wa Mahenge, unajua tunavyousema ukoko. Nani kwetu anahesabu ukoko kuwa ni chakula? Mama akipakua anahesabu sahani, ukoko wanagombea watoto, na ukimuuliza mtoto amekula nini hatautaja. Nilijua sheria ya chakula sawa, na bado nikaona sijaivunja.

Wekundu wakanenepa. Wakarefuka hata mkia. Ulipojumlisha uzito ulitoka mbio kwenda kwa Dokta ukasahau kofia, wewe usiyesahau kofia hata kanisani. Nilifurahi nawe. Nilidhani ni dawa.

Wiki chache baada ya kukuzika, Dokta alituita sote atusomee barua ya kuomba kibali, ile atakayokwenda nayo Dar kwa treni ya kesho Jumanne. Ilisema panya wote walikula sawa, na waliochomwa dawa wakakua zaidi. Ikasema kumbukumbu zilitunzwa na marehemu Faustini, fundi aliyeaminika. Ikasema sasa inaombwa dawa ijaribiwe kwa watoto wachache wa hapa waliodumaa, wale waliougua malaria mara kwa mara na kupitia njaa za kila mwaka, na kwamba akina mama kumi na wawili wamekwisha kuandikisha majina ya watoto wao.

Jina la kwanza lilikuwa la Tedi wangu. Nilimwandikisha mwenyewe, mbio mbio, kabla ya mtu yeyote. Unamjua Tedi. Ana miaka tisa na bado anavaa sare ya darasa la kwanza. Shuleni wanamwita Kibaba. Anacheka wakimwita, halafu nyumbani anasimama kwenye fremu ya mlango na kuniomba nimpime kwa mkaa. Alama zile zimekaa pamoja kama inzi kwenye kidonda.

Niliposikia "walikula sawa" nilikumbuka ukoko wangu. Ndipo nilipoelewa kwa nini walikuwa wakisimama kwenye waya. Ni dawa iliyokuwa ikiwatia njaa. Ilibisha hodi, na mimi nikawa napeleka ukoko nyuma ya nyumba. Sasa walikuzwa na dawa au walikuzwa na sufuria yangu? Dokta hajui, wewe hukujua, mimi sijui. Na pale ulipoandika kwa mkono wako, "sukari ya damu imepanda, tuangalie", je, ni dawa au ni wali? Hapo nimekuzibia hata jambo ulilotaka kuliangalia.

Na sindano zitaanza mwezi wa pili, Mzee. Mwezi wa pili mpunga bado uko kijani, watu wamehamia mashambani, ghala limebaki vumbi. Utambishia mtoto hodi mwilini, umwongezee njaa, halafu umpe nini? Nikamwona Tedi amesimama ameshika waya. Sikulala vizuri tena.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kinachonifanya nione aibu kulitaja jina lako. Siku iliyofuata niliingia na raba ya Tedi mwenyewe, ya shule, ile ya rangi mbili. Orodha ya watoto, kwenye faili la ofisini, ilikuwa ya penseli. Nikafuta jina la mwanangu. Majina kumi na moja nikayaacha palepale, nikafunga faili, nikaenda kupima panya.

Wiki tatu nilikaa kimya. Nilijiambia Dokta amesoma, atajua. Nilijiambia nikisema nitafukuzwa, na Tedi hana baba. Nilijiambia pia nakulinda wewe, wasije wakasema Faustini alidanganywa na msichana wa kulisha panya. Hilo la mwisho nililipenda zaidi, lilinifanya nijione mwema.

Juzi Jumamosi nilikuwa kwenye foleni ya mashine ya kukoboa. Mama Zawadi, jirani yangu, ambaye Zawadi wake yuko kwenye orodha, akaja kusimama karibu. Akasema polepole, wengine wasisikie, "Mama Tedi, nasikia wako umemtoa. Kuna kitu unakijua?"

Nikamwambia Tedi anaogopa sindano.

"Ah, basi," akasema. "Wangu haogopi, nashukuru Mungu." Akanisaidia kubeba gunia mpaka kwenye baiskeli.

Aliniamini vilevile ulivyoniamini wewe kwa habari ya viatu. Nilisukuma baiskeli ile hadi nyumbani nikilia, na watu waliokutana nami wakanipa pole ya msiba wako.

Jana baada ya misa nilikwenda kazini na ufunguo wako. Nikafungua daftari la kijani kuanzia masika ile. Kila siku uliyoandika "chakula sawa", nikapiga mstari mmoja, maneno yako yakabaki yanasomeka, na pembeni nikaandika kwa kalamu ya wino: "Wekundu walipewa ukoko. Fundi hakuambiwa." Nikasaini. Ukurasa baada ya ukurasa, mpaka kidole kikaota lengelenge. Nilipofika siku ya ile punje niliandika zaidi kidogo. Utayasoma mwenyewe kama huko kunasomeka.

Kisha nikachukua orodha. Pale juu, raba ilikuwa imekula karatasi mpaka imekuwa nyepesi, ukiinua dirishani unaona mwanga. Nikaliandika upya jina la Tedi palepale, kwa wino, nikalipiga mstari mmoja. Pembeni nikaandika: "Mama yake alijua." Nikasaini.

Asubuhi hii nimempa Dokta vyote viwili. Akaangalia ukurasa wa kwanza, akaangalia koti, akasema, "Subiri nje, Gaudensia." Ndio hapa nilipo. Kuna muda alikuwa anafungua karatasi haraka haraka. Sasa hafungui tena. Sijui kipi kibaya zaidi.

Nakuahidi hivi, Mzee. Wakiniacha kazini, tutaanza upya na panya wachanga, na mimi nitakula nje hata mvua iwe ya mawe. Wakinifukuza, nitalivua koti nilirudishe kwa Mama Method likiwa limefuliwa, halafu nitapita kwa akina mama wale kumi na mmoja, nyumba kwa nyumba, nikianza kwa Mama Zawadi, niwaeleze mimi mwenyewe habari ya ukoko. Tedi nitampima kwa mkaa kila akitaka. Na Jumapili nitakuja Katindiuka kukupalilia kaburi na kukupa majibu, yawe mazuri au mabaya.

Nisamehe ile punje. Pumzika, mwalimu wangu. Ulinipa mzani nikiwa sijui hata kusoma mshale wake, na sijakushukuru vya kutosha.

Nasikia kiti kinasukumwa. Nasikia viatu vyake.

Mlango umefunguka. Ananiita jina langu.

Naitika.

Gaude